Hakuna Mtu, Achia

Mimi hasira zangu hazibishi hodi, na Baba analijua hilo, maana nimezirithi kwake. Ndiyo sababu miezi yote ile sikuthubutu kumuuliza habari za macho yake. Ni dereva wa basi la shule. Alilikwaruza kwenye lango, akasema lango ndilo jembamba. Akapanda ukingo wa barabara, akasema barabara imechongwa vibaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, nasi nyumba nzima tulikuwa tunamsaidia kuficha. Kila asubuhi basi lilijaa watoto wa watu, naye akashika usukani.

Jumapili moja nilikwenda uwanja wa shule kujifua. Klabu yetu ya droni, vindege vya kuongozwa kwa rimoti, ilikuwa na mashindano ya kudondosha: unairusha, unalenga duara la chokaa, unabonyeza, kifuko kinaanguka. Watu wanadhani ni mchezo wa kitoto. Thubutu! Kibali cha kurusha lazima uwe nacho. Kifuko kiwe chepesi, cha kitambaa, na mchanga mkavu ndani. Chupa au jiwe ni marufuku hata kwa mzaha. Chini ya droni nimefunga kindoano chenye mota ndogo, kinachofunguka nikibonyeza rimoti. Na sheria iliyo mama wa sheria zote: huachii kitu juu ya kichwa cha mtu. Kwa hiyo rubani harushi peke yake. Pembeni anakuwepo mtazamaji, ambaye kazi yake ni kuukagua uwanja na kusema, "Hakuna mtu, achia."

Mtazamaji wangu akawa anaumwa. Baba, aliyekuja kunisindikiza tu, akavuta kiti.

"Nipe mimi hiyo kazi. Miaka yote natazama barabara, nitashindwa na nyasi?"

"Si lazima, Baba."

"Kwani mimi pambo?"

Nikampa. Ningesemaje?

Droni ikapanda, ikatulia juu ya duara. Mimi macho yangu kwenye kioo cha rimoti, nikilitazama duara kutoka juu kwa kamera ya droni.

"Unaiona, Baba?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Na uwanja?"

Akageuza shingo kushoto, kulia, kwa mbwembwe zote za dereva aliyefika njia panda.

"Hakuna mtu, achia."

Kidole kilishafika kwenye kitufe. Ndipo kwenye kioo kikaingia kitu chekundu, kikakanyaga chokaa, kikasimama katikati. Mtu kabisa, na kikapu mkononi! Nikatoa kidole kama nimegusa pasi ya moto.

"Achia basi," Baba akasema. "Unangoja nini? Uwanja mtupu."

Nikageuka kumfokea, maneno yamenijaa mdomoni. Nikamkuta ameyakodoa macho, anatafuta kwa nguvu zote mpaka machozi yanamlengalenga, na yule mtu yuko mbele yake pale pale. Hasira yote ikaniishia. Nilimhurumia baba yangu.

Nikaitua droni mbali, kifuko kikiwa bado kinaning'inia.

"Baba, yupo mtu kwenye duara."

"Aa, yule. Nilidhani ameshapita."

"Amevaa gauni jekundu. Ni Mama."

Mama alikuwa anatuletea chai, akakata njia katikati ya uwanja kama kawaida yake, mwanamke asiyejua kuzunguka. Akatupungia mkono. Mimi nikampungia. Baba hakupunga.

"Mama yako," akasema polepole. "Na mimi nikasema uachie."

"Mchanga tu, Baba. Ungemchafua nywele, angetutukana, yakaisha."

"Huo ni mchanga. Kesho asubuhi nina basi."

Mama akafika, akatua kikapu, akatutazama mmoja mmoja.

"Makubwa! Mbona mmenuna kama mmefiwa? Chai inapoa."

Baba akanyoosha mkono, akapapasa hewani mbele yetu bila kuona haya, mpaka akaupata mkono wa Mama. Akaushika. Mama akanitazama mimi, kisha akaketi chini kwenye nyasi karibu na kiti cha Baba, na gauni lake jekundu hilo hilo.

Baba akatoa simu mfukoni, akamwekea kiganjani.

"Nipigie kwa mwalimu mkuu, mke wangu. Nitamwambia mwenyewe watoto watafutiwe dereva. Namba bonyeza wewe. Mimi sizioni siku nyingi."