Kidole cha Maige

Duara la kuchimbia dhahabu liliporomoka Jumatatu asubuhi, nje kidogo ya Katoro, na wachimbaji wakafanikiwa kutoa kidole kimoja tu cha Maige aliyefukiwa shimoni, cha shahada. Gregory, mwenye duara, ambaye mwaka mzima alikataa kununua matimba ya kuzuia kuta, alisema kufukua zaidi ni hatari. Nyamizi, mke wa Maige, alikifunga kidole kwenye pindo la kitenge, akakizika nyuma ya jiko, pembeni ya tuta la viazi, maana hapo udongo ulikuwa laini.

Siku ya tisa kidole kilitoa ukucha mpya. Mvua za Novemba zilipokolea kikatokea kiganja, kisha kiwiko, kisha bega. Nyamizi alipalilia kwa mikono, asije akamkata kwa jembe. Wiki moja kabla ya Noeli mume alijing'oa mwenyewe, akajipangusa, akaomba ugali. Alikula sahani tatu.

Mwalimu Mektilda wa sayansi alileta darasa zima kumtazama.

"Anakula, anapumua, anakua, anajongea, choo anaenda, ukimchoma sindano anashtuka," alisema. "Ni kiumbe hai. Hana baba wala mama. Ameota kutoka kwenye kipande, kama marando ya viazi."

Wanafunzi wakaandika.

"Mbona hamjui hata Limi, mwanawe?" Nyamizi aliuliza.

"Hiyo haimo kwenye sifa za viumbe hai, Mama Limi."

Nyamizi akaenda kwa Gregory. "Shikamoo. Nimekuja kuomba mwili wa mume wangu. Nataka padri amzike."

"Marahaba. Mwili gani tena? Mume si yuko kwako, anakula?"

  Nyamizi akajifunga kitenge upya, akatoka barabarani.

Januari, Gregory alimwajiri yule mume mpya, akamshusha mlemle, bila matimba. Kabla ya kushuka, kila mchimbaji sasa alikatwa kidole kidogo cha mguu, kikatiwa kwenye ndoo ya mchanga mbichi. Mama ntilie wa pale machimboni, Vumilia, alisogeza meza yake mbali kidogo na ndoo.

Mwezi wa tatu duara likaporomoka tena, ndani wakiwa wanne, yule mume mpya akiwemo. Nyamizi alikuja mbio, peku, na sururu mkononi, akaanza kufukua huku akiita, "Maige! Maige!" Wanaume walisimama kando wakimtazama.

Gregory alikuwa ameshatuma bodaboda Katoro ikalete samadi.