Kamera ya Sebuleni

Nilifunga kamera ya usalama sebuleni kwa mama, kijijini Mukurweini, nikaielekeza kwenye makochi niliyomnunulia. Nikiwa kazini Kiganjo nilifungua simu, nikaona vitambaa vyake vyeupe vimenyooka juu ya makochi, nikaridhika kwamba nyumbani ni salama. Kumpigia nikaacha. Ya nini kupiga, na kila kitu nakiona?

Mjinga mimi. Nimelelewa katika nyumba hiyo, na najua sebule ni ya wageni. Mama hushinda jikoni, kile chumba cha mbao nyuma ya nyumba, karibu na moto na kuku wake.

Huko ndiko alikoanguka Jumanne asubuhi, akavunjika nyonga. Siku hiyo niliangalia simu mara nne. Vitambaa vilikuwa vimenyooka. Jioni jirani yake, Wacera, alikuja kuuliza mbona ng'ombe analia na hajakamuliwa, ndipo akampata.

Hospitalini nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia kwamba kamera iko mahali pabaya.

"Sikujua ni ya kuniangalia mimi," akasema. "Nilifikiri unachunga viti zako."