Ukurasa wa Vishimo

Mama yangu alikuwa amebakiwa na saa mbili tu za kuishi kila siku. Sitii chumvi. Alikunywa vidonge vyake saa moja asubuhi, saa mbili pumzi ikamrudia, na ilipofika saa nne miguu ilikuwa imevimba tena na midomo imegeuka kijivu. Saa nyingine zote alilala ameegemea mito mitatu, akipigania hewa. Daktari alinivuta kando kwenye korido akaniambia moyo wake umelegea kama soksi kuukuu, na kwamba tuhesabu wiki, tusihesabu miezi.

Saa hizo mbili tulizigombania. Mimi nilizitaka kwa ajili ya nyumba. Yeye alizitaka kwa ajili ya Fundi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, na ukuta wa jikoni una ufa ambao baba aliuziba kila mwaka na kila mwaka ukarudi. Aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Lakini siku ya kununua kiwanja alikuwa kazini mbali, akawatuma mama na baba mdogo waende badala yake, na muuzaji akaandika jina la mwanamume aliyemwona mbele yake. Miaka ishirini na sita hakuna aliyelikumbuka kosa hilo. Baba alipofariki, baba mdogo akalikumbuka. Mashahidi wote wa siku ile walikuwa wamekwisha kufa isipokuwa mama. Mahakama ilikuwa imeahirisha shauri mara mbili kwa sababu ya ugonjwa wake, na karani akaniambia waziwazi kwamba Jumanne ni mara ya mwisho. Mjane aje mwenyewe, aulizwe, ajibu. Asipofika, karatasi iliyopo ndiyo itakayosema.

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti. Mtungi wa gesi ulimlipukia usoni akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, ukamwachia mikono yake na kumnyang'anya macho. Mke wake alivumilia miezi saba, kisha akarudi kwao. Siku moja jirani alimkuta ameketi kwenye ukingo wa kisima, miguu inaning'inia ndani. Alipoulizwa anafanya nini, alijibu kwamba anapunga upepo. Mama, ambaye alikuwa amestaafu kufundisha shule ya wasioona, alisikia habari hiyo kanisani. Kesho yake akaenda kwa Fundi na kibao chake mkobani.

Kibao hicho ni cha chuma, kina vidirisha vidogo vilivyopangwa kwa mistari. Unabana karatasi ngumu ndani yake, unashika kisumari chenye mpini wa mbao, unatoboa nukta zisizozidi sita kwa kila herufi, na kila tundu linakuwa kishimo upande wako na kinundu upande wa pili. Asiyeona husoma vile vinundu kwa vidole. Ndiyo maana mwandishi lazima aandike kinyumenyume. Huanzia kulia kwenda kushoto, na kila herufi huigeuza, ili ukurasa ukipinduliwa usomeke sawa. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama anafanya hivyo kwa ubishi tu.

Fundi alipoanza kujifunza alisahau kugeuza, kama wanafunzi wote. Aliandika barua nzima, akaipindua, akakuta haina maana. Mama hakuitupa. Alimwambia aisome hivyo hivyo kwa upande wa vishimo, mpaka mwisho, ili kidole kimfundishe adabu. Ilimchukua siku mbili. Walilicheka jambo hilo mwaka mzima.

Tangu hapo mama alikuwa akimwandikia Injili. Vitabu vilivyopigwa chapa tulikuwa tumeviagiza, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri mpaka tukazoea. Kwa hiyo aliandika kwa mkono, kwenye migongo ya kalenda za ukutani, kwa kuwa karatasi yake ni ngumu. Kila Jumamosi nilimpelekea Fundi kurasa mpya. Jumamosi ile, siku tatu kabla ya shauri, mama alikuwa amefika pale Bwana anapokamatwa bustanini na rafiki zake wanatimka mbio.

Nilikaa kwenye kiti cha miguuni mwa kitanda nikamwangalia anavyotoboa. Tak, tak, tak. Mkono ulikuwa mwembamba, lakini kisumari kilijua njia.

"Mama, ni asubuhi moja tu," nikasema.

"Asubuhi moja ya mahakamani ni siku nne za kitanda. Unajua. Mara ya mwisho wewe ndiye uliyenibeba."

Nikamuuliza zimebaki kurasa ngapi. Akasema sita, na kwa mwendo ule atamaliza Jumanne.

"Basi zisubiri wiki ijayo."

"Na mimi nitasubiri?"

Nikaingia kwenye ile sauti ambayo sasa naionea haya. Nilimkumbusha kwamba nina cheti cha chuo na sina kazi, kwamba mchumba wangu ameshaambiwa tutaishi wapi, kwamba baba alivunja mgongo kwa ajili ya kuta zile. Nikamwambia damu ni nzito kuliko maji, na kwamba Fundi ni maji.

Aliweka kisumari chini. Alivuta pumzi mara tatu kabla ya kusema.

"Mwanangu, nyumba hii naipenda. Usidhani nimekuwa malaika. Nimedeki sakafu hii nikiwa na mimba yako. Lakini nyumba naiacha nikishinda na naiacha nikishindwa. Wewe una macho, una miguu, na hii habari umeisikia tangu tumboni mpaka umeichoka. Yule amefika mahali Bwana amefungwa kamba. Nikimwachia hapo, nimemwachia nini?"

"Anajua mwisho wake. Kila mtu anaujua."

"Kuambiwa amekwisha kuambiwa," alisema, akachukua kisumari. "Sasa anasoma."

Nikaamua kumpitia yule aliyenipora mama yangu. Jumapili alasiri nilikwenda kwa Fundi. Chumba chake kilikuwa kimoja, kisafi kupita changu, na kurasa za kalenda zilikuwa zimerundikwa juu ya meza kwa mpangilio, zimegandamizwa na kipande cha nondo.

"Keti hapo penye mwanga, mdogo wangu," alisema. "Mimi taa haziniongezei kitu."

Nilimweleza yote. Nilitaraji atajitetea. Hakujitetea. Aliuliza Jumanne saa ngapi, akauliza kama tuna usafiri wa kumpeleka mgonjwa, akasema atazungumza na jirani yake mwenye gari. Nikamwambia siku hizi simu zinasoma, kwamba naweza kumwekea Injili nzima kwenye simu asikilize mpaka achoke.

"Ninayo," alisema. "Mtu mwenye sauti nzuri sana ananisomea. Ananihurumia kila mstari. Lakini mama yako ananiachia nisome mwenyewe, nikwame mwenyewe." Akapapasa kile kipande cha nondo. "Mwambie nimeshiba. Mwambie asimame mahakamani. Mimi korokoroni na Bwana nimekwisha kuzoea."

Nilirudi nyumbani nikiruka mitaro. Nilimpa mama ujumbe neno kwa neno, nikifurahi kama mtoto aliyekabidhiwa ufunguo. Mama alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikamkata pumzi, nikalazimika kumshika mabega.

"Mwenye njaa akikwambia kwa aibu kwamba ameshiba," alisema alipoweza, "utamwondolea sahani?"

Jumanne saa mbili nilimwacha na ukurasa wa mwisho. Hali yake ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Mkono wa kushoto uliushika wa kulia usitetemeke. Mlangoni aliniambia niseme ukweli tu, nisiongeze kitu.

Mahakama ilikuwa chumba chenye mabenchi na feni mbovu. Baba mdogo alivaa koti la marehemu baba, lile la kijivu, ambalo mama mwenyewe alimpa siku ya matanga. Hakimu aliangalia orodha, akauliza mjane yuko wapi. Ningeweza kusema amezidiwa. Ilikuwa kweli vilevile, na pengine ingetununulia wiki. Lakini nilikuwa na hasira naye, nikataka dunia nzima ijue alichonifanyia.

"Yuko nyumbani, mheshimiwa. Anaandika."

"Anaandika nini?"

"Injili. Anamwandikia kipofu."

Benchi la nyuma lilicheka. Hakimu hakucheka. Aliuliza kama nina lolote la kuongeza, kisha akaandika. Haikuchukua hata nusu saa. Baba mdogo alitoka akitazama sakafu, na kifungo kimoja cha koti la baba kilikuwa kimening'inia kwa uzi mmoja.

Nilimkuta mama amelala, kibao kifuani. Ukurasa ulikuwa umewekwa juu ya wenzake.

"Tumeshindwa?" aliuliza.

"Tumeshindwa."

Nilidhani atasema neno la imani, na nilikuwa nimejiandaa kulichukia. Hakusema. Aligeuza uso ukutani akalia, na kwa kuwa alikosa hata pumzi ya kulia vizuri, machozi tu yalimtoka yakilowesha mto. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, polepole, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Nilisimama pale nikaelewa kwamba hakuidharau nyumba hata siku moja. Aliijua bei yake kuliko mimi.

"Mpelekee," alisema baadaye. "Usimcheleweshe."

Nilimchelewesha. Mama alifariki Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi, katikati ya zile saa zake mbili, akiwa hana cha kuandika. Baba mdogo alileta viti vya msiba na akalia kweli, sikatai. Baada ya maziko alinishika mkono getini, akaniambia kwa upole kwamba hana haraka, mwisho wa mwezi utatosha.

Siku niliyofunga vitu vyangu, mchumba wangu alikwisha kunitumia ujumbe mfupi kwamba kwao wanaomba tusubiri kwanza. Nilipanga masanduku mkokotenini, nikazichukua zile kurasa sita, nikaenda kwa Fundi. Sikwenda kwa upendo. Nilitaka kuona kitu kilichonunuliwa kwa nyumba yetu.

Alinawa mikono kwanza, akaifuta kwa taulo, akakaa. Alisoma kurasa tano kwa vidole viwili, midomo ikicheza bila sauti. Mahali fulani aliinamisha kichwa akakaa hivyo muda mrefu, na sikuwa na haja ya kuuliza amefika wapi. Kisha akavuta ukurasa wa sita.

Vidole vilikwenda, vikasimama, vikarudi mwanzo. Akajaribu tena. Akaugeuza juu chini.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Sijui. Hausomeki. Si maneno haya."

Sina namna nzuri ya kueleza kilichonipata. Nilimwona mama ameshika mkono wake kwa mkono wake. Niliwasikia wale wa benchi la nyuma. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba tumepoteza nyumba kwa ajili ya karatasi ya kalenda yenye matundu, kwamba mama yangu alikufa akitoboa upuuzi, na kwamba angenisikiliza mimi angalau mmoja wetu angepata kitu.

Fundi alikuwa bado anapapasa, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Halafu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Mwalimu wangu. Amesahau kugeuza."

Aliupindua ukurasa. Vinundu vikalala mezani, vishimo vikatazama juu. Mama, aliyefundisha kazi hiyo miaka thelathini, siku yake ya mwisho kwenye kibao aliandika kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mimi na wewe tunavyoandika. Maneno yote yalikuwepo. Yalikuwa tu upande wa matundu.

Kishimo hakishikiki kama kinundu. Fundi alitumia ncha ya kidole kidogo na ukucha wake, akitafuta kila tundu, akihesabu nukta, akikosea, akirudi. Alitamka kila alichokipata ili asikipoteze. Wanawake. Asubuhi. Wanaulizana njiani habari ya jiwe la mlangoni pa kaburi. Kati ya neno na neno niliweza kusikia mkokoteni wa mtu ukipita nje, na mama mmoja akimwita mwanawe aje kuoga. Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki niliketi saa ngapi.

Jiwe limekwisha kuondolewa. Hapo alikwama, kwa sababu mkono wa mama ulikuwa umechoka na matundu ya mstari uliofuata yalikuwa hafifu mno. Alipitisha ukucha mara nne. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mara ya tano akasema, "Hayupo... hapa," akaacha kidole palepale kwenye kile kishimo, asikiondoe.

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kila mwaka wa maisha yangu. Sikuwahi kumwona mtu akiyafikia.

Nyumba bado inaniuma. Nikipita mtaa ule huvuka upande wa pili wa barabara. Lakini siku ile Fundi alinyoosha mkono mezani, akasema ukurasa huu utamla vidole, hataweza kuurudia kila siku kwa upande huo, na yeye angependa kuurudia kila siku. Akaniuliza kibao kiko wapi.

Kilikuwa mkokotenini, ndani ya sanduku la sufuria. Nilikwenda nikakitafuta. Fundi alibana karatasi, akanishikisha kisumari, akakiweka kidole changu kwenye kidirisha cha kwanza, upande wa kulia.