Zamu ya Baba Pacha

Mchomeleaji wa mageti hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mkewe alipomwambia, "Baba Pacha, mimi sindano basi," alijua maji yamefika shingoni. Miaka minne mkewe, fundi cherehani, alichomwa sindano za uzazi wa mpango, na miaka minne kichwa kilimgonga. Vidonge vya kumeza navyo vilimtia kichefuchefu.

"Muuguzi kasema ipo dawa ya kuua mbegu, haina homoni, na inauzwa bila cheti. Nenda kaulize wewe. Mzigo huu nimeubeba peke yangu vya kutosha."

Kesho yake mchana akanawa masizi, akaingia duka la dawa. Kwenye kaunta alisimama mama wa makamo, miwani imemshuka puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

Akageuka kutazama mlangoni kama kuna anayesikia. "Nataka dawa ya... ya kuzuia wageni wasiopiga hodi."

Mfamasia akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaweka kijipakiti mezani, akaeleza bila haya wala haraka. Ni vidonge vya kuweka ukeni, si vya kumeza. Kikishawekwa, wasubiri dakika kumi na tano kiyeyuke. Kazi yake ni saa moja tu, na kila tendo na kidonge chake. Mkewe asijisafishe ndani kabla ya saa sita kupita tangu tendo.

"Na ukweli ni huu: wakitumia dawa hii peke yake, wanawake kama ishirini hivi au zaidi katika mia hushika mimba ndani ya mwaka."

"Mama, hiyo si dawa, ni bahati nasibu!"

"Ndiyo maana utaondoka na kondomu pia. Kinga mbili si sawa na moja. Na magonjwa dawa hii haizuii. Akiona muwasho, aache, mje."

Jumamosi mchana pacha walikuwa kwa shangazi yao. Mchomeleaji akamsomea mkewe maelekezo neno kwa neno, kama mtu anayeapishwa. Kidonge kikawekwa, kisha wakakaa ukingoni mwa kitanda, wanaitazama saa ya simu. Dakika kumi na tano ni nyingi kwa watu wasio na la kufanya. Wakaanza kuzungumza.

"Unajua nimeshona magauni mangapi na kitambaa nimejifunga kichwani kwa maumivu?" mkewe akauliza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unaitikia 'pole' huku unatafuta viatu."

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama watoto." Mkewe akamshika mkono ule wenye makovu ya cheche. Saa ikalia, hakuna aliyeisikia haraka.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Wa tatu, mkewe akaanza kuwashwa. Safari hii mchomeleaji hakusubiri kutumwa, alirudi kwa mfamasia, akasema waziwazi, "Mama, imemkataa." Mfamasia akawaelekeza kliniki.

Wakaenda pamoja. Alikuwa mwanamume pekee kwenye benchi, na wanawake wakamtania, "Shemeji, na wewe unawekewa kitanzi?"

"Wangekuwa nacho cha kwetu wanaume, ningewekewa leo leo," akajibu, benchi zima likaangua kicheko.

Mkewe alichagua kitanzi cha shaba, nacho hakina homoni. Muuguzi alipouliza kama wana maswali, Baba Pacha akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa na manane.