Mjadala wa Fundi Saa na Kinyozi

Binti wa fundi saa alikuwa akipinda sketi za shule kwenye cherehani, sikio likiwa uwanjani. Kilichomkaa rohoni si dini, ni mume. Kijana wa kinyozi, fundi bomba, alishaleta posa, na wazee wawili wakaigeuza posa kuwa mjadala: baba atakayeshindwa kwa maandiko, mwanawe ahamie dini ya mwenziwe, ndipo ndoa ifungwe.

Jumamosi zikaja, zikapita, hakuna aliyeshindwa. Na watashindwaje, watu ambao starehe yao ni kubishana? Fundi saa alisimama na Biblia iliyojaa vikaratasi. Kinyozi na Kurani ya tafsiri, imechakaa kwa kufunuliwa. Ndiyo desturi ya mihadhara: kila mmoja hubeba kitabu cha mwenzake, akakichungulia kama mke mwenza anavyochungulia chungu cha mwenziwe. Chake hukiacha kabatini.

"Leo nakunyoa kavu, Mwinjilisti!" fundi saa alitamba.

"Kanyoe ndevu zako kwanza, zinaswali peke yake!"

Binti akaacha cherehani, akaenda kusimama mbele yao.

"Shikamooni, baba zangu. Leo kila mtu asome kitabu chake mwenyewe, pale Mariamu anapopewa habari ya mtoto."

Watu wakapiga makofi. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyekuja na chake, ikabidi wabadilishane.

Fundi saa akafunua mwanzo, akafunua mwisho, akalamba kidole. Kinyozi naye alikuwa akimsaka Luka katikati ya manabii, jasho linamtiririka.

"Sura ya kumi na tisa, mzee mwenzangu," kinyozi akanong'ona. "Ina jina lake kabisa, mama wa watu."

"Ahsante. Na wewe huko utazeeka. Luka yuko baada ya Marko."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Mmeshindwa wote!" akapaza sauti mwanamke mmoja, na wenyewe hawakuwa na uso wa kukana.

"Basi ahadi ni deni," binti akasema. "Baba, umeshindwa, mimi nakuwa Mkristo. Baba mkwe, umeshindwa, mwanao anakuwa Mwislamu. Halafu tutakuwa palepale, mmoja huku, mmoja kule. Tuanze leo?"

Fundi saa akafunga kitabu. Kuchekwa alikuwa tayari. Kumkabidhi mwana, hapana.

"Nani kakwambia ubadili?" akafoka. "Baki ulivyo!"

"Na wangu abaki alivyo," kinyozi akadakia mbiombio.

"Na ndoa je?"

Wazee wakasukumana kwa viwiko, kila mmoja akitaka mwenzake aanze.

"Si mkafunge huko serikalini," baba akaguna.

"Semeni nyote wawili, wa nyuma wasikie."

Wakasema ifungwe, tena kwa sauti moja, kisha wakaanza kubishana nani alitangulia kusema.