Stuli ya Mkono wa Kulia

Katika nyumba ya Dedan, mtaani Bahati, hakuna aliyegusa chakula cha Jumapili kabla ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtu aliyeketi mkono wake wa kulia. Dedan, seremala, aliiheshimu desturi hiyo kuliko chapati, na chapati aliziheshimu sana.

Jumapili hiyo nyumba ilikuwa imenuna. Mamake Dedan, Cucu Mbeti, alikuwa amekuja kutoka Murang'a amempakata kuku mwekundu, zawadi kwa Annah, mke wa mwanawe. Annah naye akampa kuku huyo Raho, jirani Msomali aliyemuuguza alipolazwa chini na malaria. Tangu hapo Cucu hakumsemesha Annah. Kesho angepanda basi, na aliapa hatakanyaga Bahati tena.

Jambo hilo lilimchoma Jecinta, binti yao, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni. Huko alijulikana kwa kutia vyura katika viatu vya matroni, na katika ukoo mzima ni nyanyake, Cucu, peke yake aliyecheka. Kumpoteza mtu kama huyo kungekuwa janga la taifa.

Basi Jecinta akajiteua mkuu wa itifaki, akapanga viti, na kuliani kwa Cucu akaacha stuli tupu.

"Hii ni ya nani?" Cucu akauliza.

"Ya mgeni, Cucu."

"Hodi!" Raho akaingia na bakuli la mayai. "Jecinta ameniambia mnaniita."

Annah akamtupia bintiye jicho lililoahidi fimbo. Jecinta akatazama dari kwa uchaji mkubwa.

"Karibu, dada, keti," akasema Dedan, akazima redio. "Tushukuru."

Akashukuru kwa ajili ya Annah, Annah kwa ajili ya Jecinta, Jecinta kwa ajili ya Cucu. Zamu ikamfikia Cucu. Chapati zikaanza kupoa.

"Mimi simjui huyu," Cucu akasema. "Namjua kuku wangu."

"Kuku wako yu hai, mama," Raho akajibu. "Haya mayai ni yake. Nilitaka kumrudisha, Annah akakataa. Akaniambia, 'Huyu ndiye kitu kizuri kuliko vyote nyumbani mwangu, ametoka kwa mama. Nikushukuru kwa kipi kingine?'"

Cucu akamgeukia Annah. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa huniongeleshi."

Cucu akachukua yai moja, akalizungusha kiganjani kwa muda, kisha akafumba macho.

"Mungu wangu, asante kwa ajili ya Raho. Mimi nikiwa mbali, alinitunzia binti." Akavuta pumzi. "Na yule kuku umzidishie."

"Amina!" wakaitikia wengine.

"Amin," akasema Raho, kisha akamtazama Dedan kuliani kwake. "Nami namshukuru Mungu kwa fundi huyu aliyenitengenezea mlango, ingawa bado unalia."

Dedan akakohoa. Annah akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Annah, mwanangu, kaanga mayai," Cucu akasema. "Basi la kesho liende bila mimi. Na wewe Jecinta, nani alikutuma kualika wageni?"

"Roho alinisukuma, Cucu."

"Vizuri. Mwambie leo akusaidie kuosha vyombo."