Petroli Isiyofaa Kulala

Mume wangu ana wake wawili, na mimi ndiye yule anayepika. Yule mwingine ni mwekundu, ana magurudumu mawili, na analala chini ya mabati mazuri kuliko ya ng'ombe wangu. Kiptanui alimleta nyumbani kabla Caren wetu hajazaliwa, mtumba wa kutoka Japani, na mpaka leo ukimuuliza habari za nyumbani atakuambia kwanza vile pikipiki iliamka.

Na huyo mke mwenza anachagua chakula! Mimi hula chochote. Yeye petroli ya kawaida hataki. Akiwekewa, tukianza kupanda ule mlima wa kutoka mtoni injini inagonga ko-ko-ko, kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko. Kiptanui alinieleza mara nyingi, nitake nisitake. Injini ile inabana mafuta kwa nguvu sana kabla ya kuyawasha, alisema, kwa hivyo inataka petroli yenye oktani kubwa. Oktani ni subira. Petroli ya oktani ndogo haina subira; ikibanwa kidogo tu inalipuka kabla haijaitwa.

"Kama wewe," alimalizia hapo kila mara.

Shenzi huyu. Lakini ni kweli. Jina langu ni Chepchirchir, mtoto aliyezaliwa kwa haraka, na sijawahi kupunguza mwendo tangu siku hiyo.

Jambo la pili, mke mwenza hanywi pombe. Kuna petroli inayochanganywa na spiriti ya miwa, ile wanayoita ethanoli, na Kiptanui hakutaka hata kuisikia. "Pikipiki hii imeokoka," aliwaambia watu nje ya kanisa, na pasta mwenyewe akacheka. Sababu alikuwa nayo. Spiriti hupenda maji, na huku kwetu maji yako hewani. Ukungu wa chai unaingia kila mahali: unaingia kwenye sukari, kwenye Biblia, kwenye magoti. Kwenye tangi pia unaingia. Pikipiki ikilala wiki kadhaa na petroli ya namna hiyo, spiriti inavuta maji, vinashuka chini pamoja, na siku ukiihitaji unapiga kiki mpaka nyonga iteguke.

Basi ugonjwa wa sukari ukamshika Kiptanui mguu wa kushoto. Gambuti, lile buti la mpira, lilimchubua kidole kule shambani, kidonda kikakataa kupona, kikaanza kuwa cheusi. Daktari wa hospitali ya Kaplong alituambia bila kuzunguka: mguu ukatwe chini ya goti, tena upesi, la sivyo sumu itapanda na tutamzika. Kiptanui akamshukuru kwa adabu. Siku ya kwenda ilipofika akasema ng'ombe anazaa. Tukapewa siku nyingine, akasema kuna mkutano wa wakulima wa chai, na yeye hajawahi kupenda mikutano maisha yake yote. Sasa tulikuwa tumepewa Jumatatu, na daktari alisema baada ya hiyo hawezi kutuahidi kitu.

"Nitaenda," Kiptanui aliniambia. "Lakini gia ni za mguu wa kushoto, Mama Caren. Niache niendeshe mara moja tu, na petroli ya kweli. Nikishaendesha, wakate."

Nilikubali hapo hapo. Ningekubali hata kama angetaka kupanda ndovu.

Wiki hiyo kila asubuhi alinisimulia ndoto moja, macho yakiwa bado yamefungwa. Yuko kwenye pikipiki na barabara inapanda katikati ya chai, inapanda tu, haifiki. Injini inaimba, haigongi. Mimi niko nyuma yake, msichana, na kikapu cha majani mgongoni. "Na hatuna miguu," alisema. "Wewe huna, mimi sina, na hatuihitaji." Ukungu ulikuwa unaingia polepole kwa dirisha ambalo halifungi vizuri. Nililala pale nikimsikiliza, na kwa muda sikujua kama niko kitandani au kwenye kiti cha pikipiki.

Jumamosi asubuhi alimwaga mafuta yote ya zamani kutoka kwa tangi, akaniongoza mpaka stoo ya maziwa akiegemea fimbo. Nyuma ya vibuyu vyangu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye rafu ya juu, alitoa mkebe uliofungwa ndani ya gunia.

"Petroli ya sherehe," akasema. "Niliinunua Nakuru mwaka ule Caren alimaliza chuo pale Kabianga. Oktani kubwa, haina hata tone la spiriti."

"Umeweka petroli pamoja na maziwa yangu? Miaka yote hii?"

"Kitu kizuri kinawekwa, mama. Kinangoja siku yake."

Sasa hapo ndipo ujue sisi watu wa huku tulivyo. Tunasugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet, tunamimina maziwa, tunafunga, tunayasahau gizani. Yanavyozidi kukaa ndivyo yanavyozidi kumfaa mgeni wa heshima. Mtu aliyelelewa kwa mursik anaamini kila kitu kizuri hukomaa kikiachwa. Huyu mume wangu, anayejua petroli kuliko anavyojua majina ya wajomba zangu, aliiweka petroli ilale kama maziwa.

Alifungua kifuniko na harufu ikatoka kabla hajainama. Ilikuwa harufu ya rangi ya mlango iliyooza. Akamimina kidogo kwenye glasi, na ilikuwa nyekundu-nyekundu kama strungi, chai isiyo na maziwa. Kiptanui aliishika glasi ile kwenye mwanga muda mrefu, kisha akaketi kwenye kigoda cha kukamulia.

"Imekufa kwa kukaa," akasema. "Siku imekataa."

"Ai! Siku haijakataa chochote. Ni petroli imekataa. Keti hapo hapo."

Nikachukua jerikeni, nikateremka senta kwa Chege. Chege ana pampu moja na duka; baba yake alikuja kutoka Murang'a zamani, na yeye huongea Kikipsigis vizuri kuliko watoto wangu. Nilimwambia shida yangu yote pale pale, watu wakisikia.

"Ngai," akasema. "Mama Caren, sitakudanganya. Mzigo huu una oktani ya kutosha, lakini umechanganywa na spiriti. Isiyochanganywa sina, na leo hata Bomet sidhani utapata."

"Mzee atajua?"

"Huyo? Atajua ukiwa bado barabarani."

Nikanunua hivyo hivyo. Nilipanda na jerikeni kichwani, nikiomba Mungu amzibe pua siku moja tu.

Kiptanui hakunusa hata. Alichukua chupa tupu ya soda, akaichora mstari wa kalamu katikati, akatia maji mpaka kwenye mstari. Juu ya maji akamimina petroli, akafunga, akatikisa, akaiweka ukutani. Tukakaa tukiiangalia, wazee wawili na chupa. Ilikuwa imechafuka kama mto baada ya mvua, halafu ikaanza kutulia, petroli juu, maji chini. Maji yalikuwa yamepita ule mstari. Yalikuwa yamenywa spiriti yakanenepa.

"Yamepanda," akasema. "Haifai."

Nikamwangalia usoni, na hapo ndipo niliona. Alikuwa amefurahi. Mabega yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyesikia mgeni asiyemtaka ameahirisha safari.

Mimi nikawaka.

"Wewe hutafuti petroli!" nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Wewe unatafuta sababu! Kwanza ng'ombe, halafu mkutano, sasa spiriti! Jumatatu nikileta petroli ya mbinguni utasema malaika ameichanganya! Unataka nikuzike, Kiptanui? Sema tu, nianze kuchemshia watu chai ya matanga!"

Ukungu ulikuwa umefika mpaka mlangoni, na ng'ombe alisikika tu, haonekani.

"Ninaogopa, Chepchirchir," akasema.

Chepchirchir. Tangu nizae yeye huniita Mama Caren.

"Sio kisu," akasema. "Nitalala, hata sitajua. Ninaogopa kuamka. Ninaogopa kuangalia blanketi mahali mguu ulikuwa, na blanketi iwe imelala chini."

Moto wote ukanitoka. Niliketi chini karibu na kigoda chake, nikaweka mkono juu ya ule mguu, juu ya bandeji, pole pole. Ulikuwa na joto. Nilimpenda sana wakati huo, na nilikuwa bado nimemkasirikia. Tulikaa hivyo. Nje kulikuwa kweupe tu, dunia imefutwa, na ningeweza kuamini hakuna Jumatatu mahali popote.

Lakini mimi ni Chepchirchir.

"Niambie," nikasema. "Petroli hii ikiingia leo, na tukaenda leo, itafanya nini?"

"Leo? Leo haifanyi kitu. Tena spiriti inaongeza oktani, haitagonga hata mlimani. Ubaya wake ni kulala."

"Na isipolala?"

"Ikitumika kila siku haina shida." Akatikisa kichwa. "Lakini italala, mama. Nani ataendesha?"

"Mimi."

Akageuka kunitazama vizuri.

"Wewe unaichukia hii pikipiki."

"Ninaichukia sana. Na nitaiendesha nikiichukia, kila asubuhi, nikipeleka maziwa. Si ulinifundisha nikiwa bibi arusi? Wewe utakaa nyuma unipigie kelele za gia. Kazi hiyo haitaki miguu miwili, inataka mdomo, na mdomo Mungu alikupa wa kutosha."

Akacheka. Alicheka mpaka akapangusa macho, na sikujua machozi hayo ni ya nini, hata yeye sidhani alijua. Akaimwaga ile chupa mbali, kwenye nyasi. Kisha akachechemea mpaka kwa mke mwenza, akafungua tangi, akamimina petroli ya Chege kwa mkono wake mwenyewe.

Mguu wa kushoto tuliuingiza ndani ya gambuti kubwa la jirani. Aliuma meno. Akapiga kiki kwa ule wa kulia, na pikipiki ikaitika.

Sijui niseme nini juu ya safari ile. Tulipanda upande wa Kabianga, polepole, na ukungu ulikuwa mzito hata barabara haikuonekana mbele ya gurudumu. Chai tuliijua kwa harufu. Wachumaji walitokea kwetu nusu-nusu, vichwa na vikapu tu, bila viuno wala chini, wakaelea pembeni na kutusalimia, "Chamgei!", halafu wakayeyuka. Kila alipobadilisha gia nilisikia mwili wake ukikazana kwa uchungu, na kila mara gia iliingia. Ule mlima wa kutoka mtoni tuliupanda na injini haikugonga hata mara moja. Iliimba. Nilijikuta ninaimba nayo, mimi, ninayeichukia.

Kule juu kabisa alisimama bila kuizima. Kulikuwa hakuna kitu, weupe kila upande.

"Ni hapa," akasema.

"Kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu. Ni hapa tu."

Tukakaa pale mpaka nguo zikalowa. Halafu akageuza, tukaanza kuteremka, na mimi nikaanza kufikiria chakula cha mchana na ng'ombe ambaye hajapewa maji. Niliona mti wa getini kwetu ukija. Haukupunguza mwendo, wala sisi hatukupunguza. Ukapita.

"Baba Caren! Umepita geti!"

Akaongeza gia.

"Baba Caren, leo ni Jumamosi! Sijabeba hata blanketi yako!"

"Nikiingia nyumbani sitatoka tena," akasema bila kugeuka. "Shika vizuri."

Nilishika. Niliweka uso wangu kwenye koti lake na nikalia mpaka Kaplong, na upepo ukanisaidia kuficha.

Getini pa hospitali alitafuta gia ya katikati kwa ule mguu, akaikosa, akaitafuta tena, akaipata. Akazima. Mlinzi aliona gambuti na bandeji, akaja mbio akisukuma kiti cha magurudumu. Kiptanui alimshukuru, akamwambia akae nacho kwanza.

Akanipa ufunguo. "Ya kwanza ni chini," akasema. "Zingine zote ni juu. Usikimbie kwa kona, wewe nakujua."

"Nenda huko," nikasema, kwa sababu sauti ilikuwa imebaki ya maneno mawili tu.

Akaenda akitembea, fimbo mkono mmoja, kwenye ile sakafu ndefu iliyokuwa imetoka kupigwa deki, na mlinzi nyuma yake na kiti kitupu. Nilibaki kando ya pikipiki, nikamwangalia miguu, yote miwili, mpaka mlango ukafungwa.